"Stalk": kitenzi ambacho mwongoza watalii wa Ruaha anapaswa kukijua hadi mzizi

Juma hili nimepokea ujumbe wa kijana wa Iringa anayejiandaa kuanza kazi ya kuongoza watalii Ruaha. Ameandika hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nikimwona simba jike anamfuata swala pala taratibu huku kajibanza kwenye nyasi, niseme 'sneak', 'creep', 'prowl' au 'stalk'? Kamusi inaniambia zote ni kunyemelea. Halafu nilipotamka 'stalker' mgeni mmoja alinikunjia uso, sikuelewa kwa nini."

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi: sema "stalk". Jibu refu ni makala hii yote, maana wengi mnaosoma hapa mna shauku moja, kwamba mgeni akirudi kwao awaambie rafiki zake waombe kuongozwa na wewe kwa jina. Hilo haliji kwa kukariri majina ya wanyama. Majina yamo kwenye kila kijitabu cha picha, na mgeni huwa anacho mkononi. Linakuja kwa vitenzi. Simba mgeni anamwona mwenyewe. Asichokiona ni simba anafanya nini na dakika mbili zijazo atafanya nini, na hicho ndicho anachokulipa umwambie.

"To stalk" ni kumsogelea unayemlenga, kwa siri, ukijificha, ili umfikie kabla hajakugundua. Humo ndani mna mambo matatu: kuna anayelengwa, kuna kujificha, na kuna kusogea. Likikosekana moja, kitenzi kinabadilika.

Chukua simba aliyelala chini ya mbuyu anawatazama pundamilia kwa mbali. Huenda anawataka, lakini hasogei, basi anatazama tu: "She is watching them." Chui anayekatiza barabara ya Msembe, makao makuu ya hifadhi, asubuhi kwa mwendo wa polepole anasogea, ila hana anayemlenga na wala hajifichi. Yeye anatembea, au kama unataka neno linaloonyesha ule ulaini wa nyayo zake, "padding along". Mamba aliyetulia kwenye Mto Ruaha Mkuu huku pua na macho tu vikiwa juu ya maji amejificha, na anamlenga swala anayekuja kunywa, ila anangoja. Huko ni kuvizia, na Kiingereza chake ni "lying in wait". Mbwa mwitu nao wanamlenga windo na wanasogea kweli, lakini kwa kawaida nguvu yao haiko kwenye kujificha. Wanakimbiza kundi zima, mbio ndefu, mpaka windo lichoke. Ukisema mbwa mwitu "are stalking" huku wanakwenda mchakamchaka mbele ya macho ya kila mtu, mgeni anayejua wanyama atanyamaza kwa adabu, na kuanzia hapo hatakuamini kwenye mengine.

Sasa mzizi, na hapa naomba usiruke. Mtu anayejua neno limetoka wapi halikosei hata akiwa amechoka.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi "bestealcian", yaani kwenda kwa tahadhari, kunyata. Wachunguzi wa asili ya maneno wanakihusisha na "steal", kuiba. Ile k ya mwishoni ina kazi yake: zamani iliongezwa kwenye kitenzi kuonyesha tendo linaloendelea kurudiwa. Ndiyo hiyohiyo iliyoko kwenye "talk", ndugu yake "tell", na kwenye "hark", ndugu yake "hear". Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudia kitenzi chenyewe, tunaposema mtu anatembeatembea au anachunguliachungulia. Kwa hiyo "stalk" kwa mzizi wake ni kuibaiba mwendo: hatua moja, tulia, hatua nyingine, tulia. Na ukimtazama simba jike anavyowinda utaona hivyohivyo.

Ukoo huo una neno jingine mnalolisikia kila mara, "stealth". Linahusiana na "steal" kama "health" inavyohusiana na "heal". Lilipoanza kuandikwa, katika miaka ya 1200, lilimaanisha wizi wenyewe. Baadaye ule wizi ukafifia, ukabaki usiri wa mwendo tu, hadi leo tunasikia ndege za kivita za "stealth" ambazo rada inapata tabu kuziona.

Mswahili haoni ajabu hapo. Si tunasema kijana kajiiba nyumbani usiku akaenda kwenye ngoma? Hajaiba kitu, ameondoka bila kuonekana. Si tunasema mtu anamtazama mwenzake kwa kuibia? Mwingereza naye anasema "steal away" na "steal a glance". Fikra ni ileile katika lugha mbili zisizo na undugu wowote, na hii ndiyo njia bora ya kulishika neno: ukiona mnyama anaiba umbali, anajisogeza bila mwenye macho kujua, hiyo ni "stalk".

Twende porini. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi za Ruaha zimekauka na maji yamebaki sehemu chache. Kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi wanyama wanalazimika kwenda kunywa, na simba wanalijua hilo. Gari limesimama, injini imezimwa. Uwindaji unaotokea mbele yenu una hatua, na kila hatua ina kitenzi chake.

Kwanza simba jike anaganda. Kichwa kinatulia, macho yanakaza upande mmoja. Sema "She has seen them." Usiseme zaidi, mara nyingi jambo linaishia hapo. Kisha anajishusha, tumbo linakaribia ardhi, kichwa kinakuwa usawa wa mabega au chini yake. "She is crouching." Akianza kusogea katika hali hiyo, hapo na hapo tu ndipo unaposema "Now she is stalking." Mwambie mgeni atazame mabega: mifupa ya bega inapanda na kushuka juu ya mstari wa mgongo huku kichwa hakitikisiki. Swala akiinua shingo, simba anaganda hata kama mguu mmoja uko hewani, na hautui mpaka swala arudi kwenye majani. Tazama na miguu ya nyuma. Paka wote huukanyagisha mguu wa nyuma pale, au karibu kabisa na pale, ulipotoka wa mbele, hivyo mahali palipokwishapimwa na mguu wa mbele hapatoi mlio wa kijiti. Hili ukilionyesha kwa wakati wake, mgeni atalikumbuka kuliko picha aliyopiga.

Kunyemelea kote huku kuna sababu moja. Simba ana kasi ya kufyatuka, pumzi ya mbio ndefu hana. Lazima afike kama mita 30 au chini ya hapo kabla hajajitokeza; chui hupenda kufika karibu zaidi. Akijitokeza, "stalk" imekwisha, sasa ni "charge" au "rush". Waongozaji wengi wanaendelea kusema "stalking, stalking" wakati simba tayari yuko mbioni na vumbi linatimka. Badilisha kitenzi mara mwendo unapobadilika.

Kuna jambo hurudiwa sana kwenye magari na si sahihi, kwamba simba hunyemelea akipima upepo. George Schaller, aliyewachunguza simba wa Serengeti katika miaka ya 1960, alikuta kwamba simba hawajali upepo unakotoka, wanawinda hivyohivyo hata ukipeleka harufu yao kwa windo. Anayepima upepo ni mwanadamu. Usimpe simba sifa ya mwindaji wa miguu miwili.

Maneno mengine aliyoyataja kijana nayo yana mahali pake.

"Prowl" ni kuzungukazunguka ukitafuta, bila mlengwa maalumu bado. Fisi anayepita karibu na kambi usiku "is prowling around". Simba wanaoamka jioni, wakajinyoosha, wakaanza kutembea, nao "are on the prowl". Wakishamwona mnyama fulani wakajishusha, hapo neno linahama kwenda "stalk".

"Creep" ni mwendo wa chini, wa taratibu, karibu na ardhi, iwe kuna mlengwa au hakuna. Kinyonga "creeps along a branch". Wakati wake uliopita ni "crept". Usimwite mtu "a creep", ni tusi kwa mwanamume anayewatia watu wasiwasi, hasa wanawake.

"Slink" ni kuondoka au kupita kwa kujificha kama mwenye haya au woga. Mbweha aliyefukuzwa kwenye mzoga "slunk away". Hili ni zuri mno na halitumiki vya kutosha.

"Sneak" ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu ndilo la kwanza kufundishwa. Lilianza kuonekana kwenye maandishi katika karne ya 16, na huenda limetokana na "snican" ya Kiingereza cha Kale, kutambaa, ingawa wataalamu hawajakubaliana kuhusu hilo. Muhimu kwako ni harufu yake. "Sneak" ina udogo na udanganyifu ndani yake: mtoto anayechovya kidole kwenye sukari, mfanyakazi anayetoroka kabla ya saa ya kutoka. Katika shule za Uingereza, "a sneak" ni mwanafunzi anayewachongea wenzake kwa mwalimu. Ukisema "the lion is sneaking", umemfanya simba kibaka. Liache kwa tumbili anayekuja nyuma ya meza ya chakula cha mchana akitaka ndizi ya mgeni, hapo linakaa sawasawa: "Careful, he is sneaking up on your lunch." Na zile raba zetu Wamarekani waliziita "sneakers" kwa kuwa soli ya mpira haitoi mlio kama soli ya ngozi. Kwa wakati uliopita tumia "sneaked". "Snuck" ilizuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19, imeenea sana, lakini wapo wageni wazee wa Uingereza ambao masikio yao bado hayajaikubali.

Sasa makosa ya sarufi na matamshi, ambayo hayana siri, yanahitaji mazoezi tu.

"Stalk" hufuatwa na mlengwa moja kwa moja, bila kihusishi. "The lioness is stalking the impala." Siyo "stalking to the impala", siyo "stalking for the impala". Tunakosea kwa sababu Kiswahili kinabeba ule uelekeo ndani ya kitenzi, tukidhani Kiingereza lazima kiutolee neno la pembeni. "Sneak up" na "creep up" ndizo zinazotaka "on": "The leopard crept up on the baboons." Kosa la pili ni "The lion was stalked", mtu akimaanisha simba alinyemelea. Hiyo maana yake simba ndiye aliyenyemelewa. Sema "The lion stalked" au "was stalking".

L haitamkwi. Vuta o ndefu kama ya "choo", kisha funga na k, kama unavyotamka "walk", "talk" na "chalk". Ukiikata fupi inakuwa "stock", ambayo ni bidhaa za dukani. Lipo na tatizo ambalo si kosa lako: kwa Waingereza wengi, "stalk" na "stork" hutamkwa sawa kabisa, na "stork" ni ndege. Ruaha wako wengi, kuanzia korongo mfukoshingo anayejazana kwenye mizoga. Ukinong'ona neno moja tu, "stalking", huku ndege hao wako mbele, mgeni anaweza kuinua darubini juu kutafuta ndege na kukosa chui. Kwa hiyo usitupe neno moja. Taja mnyama kwanza, kitenzi baadaye, na upande: "Leopard, stalking, left of the fallen tree." Waongozaji wa kwetu mnalijua tatizo hili vizuri, maana kwetu "korongo" ni ndege, ni yule swala mkubwa ambaye Ruaha inajivunia, na ni bonde lililochimbwa na maji.

Nimefika kwa yule mgeni aliyekunja uso, na hapa naomba nisikilizwe na kila mmoja.

Kwa karne nyingi "stalker" alikuwa mwindaji anayenyemelea. Katika nyanda za juu za Scotland hadi leo hiyo ni kazi ya heshima: "stalker" ni mtaalamu anayewaongoza wawindaji wa paa wekundu milimani, anayejua upepo, miteremko na mnyama gani avunwe. Mskoti ukimwambia neno hilo atawaza vilima vya kwao. Lakini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno lilipata maana nyingine iliyoimeza ya kwanza: mtu anayemfuatafuata mwenzake, anamngoja nje ya nyumba, anampigia simu usiku, anamtumia ujumbe asioutaka, mpaka maisha yake yanajaa hofu. California ilitunga sheria ya kosa hilo mwaka 1990, ikiwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo, baada ya mwigizaji Rebecca Schaeffer kuuawa mwaka 1989 na mtu aliyekuwa akimfuatilia. Uingereza na Wales zililitaja kosa hilo kwa jina lake katika sheria mwaka 2012. Wageni wako wengi wamekulia kwenye maana hii ya pili, na kwa wengine si habari ya magazetini, imewapata wao au dada zao.

Kwa hiyo "stalk" kwa simba, chui na duma, sema bila hofu. Kwa binadamu, usiseme kamwe kama mzaha. Usimwambie mgeni "I was stalking you" ukimaanisha ulikuwa unamtafuta pale uwanja mdogo wa ndege wa Msembe. Usimwambie "I stalked your Instagram" ukadhani unamchangamsha, hata kama vijana wa kwao wanasema hivyo wao kwa wao. Mwanamke aliyesafiri peke yake, ameketi gari moja na wewe katikati ya hifadhi, kilomita zaidi ya 100 kutoka Iringa mjini, hana njia ya kujua kama unatania. Sema "I was looking for you" kwa la kwanza, na la pili liache kabisa. Kazi hii ni amana, na mgeni akishaogopa, hakuna simba atakayemrudishia raha ya safari.

Vilevile kwenye matembezi ya miguu. Usiwaambie wageni "We are going to stalk the elephants." Wengine watasikia kuua, na waliofuata sheria za matembezi watajiuliza kama wewe unazijua, maana lengo la matembezi ni kumwona mnyama bila kumsumbua na kuondoka akiwa bado anakula. Neno lako ni "approach". "We will approach on foot, in single file, and stay downwind." Hiyo "downwind" nayo ieleweke: ni kusimama upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwenu. Pima kwa majivu makavu kwenye kimfuko cha kitambaa, ukitikisa kidogo uone vumbi linaelekea wapi. Likirudi usoni mwenu, mko pazuri. Likienda kwa tembo, badilisheni njia kabla hajainua mkonga. Rudia kupima kila mnapopita kichuguu au ukingo wa mto, kwa sababu upepo hugeuka hapo.

Kwa mlioko Mbeya na Njombe mnaowapeleka wageni kwenye Hifadhi ya Kitulo yenye maua, ninyi mna "stalk" nyingine. Hiyo ni bua au kikonyo, na haina undugu na ya simba: inatokana na "stalu", neno la Kiingereza cha Kale la mti wa ngazi au mpini, kitu kirefu kilichosimama. Mahindi yana "stalks", na yale maua mekundu na ya manjano yanayosimama kama mienge juu ya uwanda nayo yako juu ya "stalks". Matamshi ni yaleyale, o ndefu, l imenyamaza. Ila kwa maua "stem" pia inafaa, na kama mgeni anaandika kwenye daftari lake, mwambie ipi ni ipi: "stem" ni shina zima, "flower stalk" ni kile kikonyo kinachobeba ua.

Na kabla hujamaliza siku, mtazame ndege karani akipita kwenye uwanda, miguu mirefu, kichwa juu, hageuki. Kiingereza kinasema naye "stalks across the plain". Hajifichi, hanyati, hii ni maana ya tatu, kutembea kwa madaha na ukakamavu, na ilikuwepo tangu karne ya 16. Utaitambua kwa neno linalofuata: "stalk" ikifuatwa na mnyama ni kunyemelea, ikifuatwa na "across", "past" au "out of" ni mwendo wa maringo.